Kereng'ende wa Bondeni

Juzi, kwenye kijito kimoja cha Pugu, niliona kereng'ende wembamba, wale wanaokunja mabawa mgongoni wakitua, na papo hapo ikanijia harufu ya tope la mpunga wetu wa Gongo la Mboto.

Enzi zile kila familia ya mjini ilihimizwa kulima, na baba, aliyekuwa karani bandarini, alikuwa na kipande chake bondeni. Alasiri ile alikuwa anapalilia na mama, mwenye mimba kubwa. Mie nilichutama penye maji yaliyotulia, vyura wakilia, nikaona kereng'ende wa bluu amemkamata mwenzake shingoni, anamtumbukiza majini.

"Baba, anamzamisha," nikasema huku nikiokota kijiti niwaachanishe.

"Waache, mwanangu. Tazama kwanza."

Nikatazama kwa hasira. Jike alizama mpaka mabawa, dume kamng'ang'ania tu. Kisha akamvuta juu, wakaruka pamoja. Leo najua jike alikuwa anataga mayai kwenye bua la nyasi, na dume wa aina ile hamwachii mpaka amalize. Siku ile sikuona ila mume mkorofi.

Tulipoanza kuondoka, miguu ya mama ilinasa topeni. Baba akarudi, akamshika kwapani kwa mikono yote miwili.

"Usiniachie," mama akasema.

"Sikuachii."

Akamvuta taratibu, mguu mmoja, kisha wa pili. Ndipo nikakitupa kile kijiti.