Chumba Alichokiomba Bushira

Msimamizi wa usafi alipouliza nani ataingia chumba cha pembeni, wenzake Bushira walitazama viatu vyao. Yeye akasema, "Nipe mimi."

Hakuyasema hayo kwa kujitutumua. Alikuwa ameshika dekio katika hospitali ile, si mbali na Mengo jijini Kampala, tangu enzi ya kumbeba kifungua mimba wake mgongoni. Kipindupindu kilimkuta pale, surua ikamkuta pale. Alijua kwamba ugonjwa hauna miguu: hubebwa na mikono, na vitasa vya milango, na watu wenye haraka.

Chumbani alikuwa amelazwa Afande Otema, polisi aliyeletwa na homa ya kutokwa damu. Kila alipoingia, Bushira alivaa ovaroli, buti, barakoa na glavu mbili mbili, na Masinde, mwenzake wa zamu, akamkagua mpaka kisogoni. Ndani hakukimbia. Alianza na palipo safi, akamalizia palipochafuka. Juu kwanza, sakafu mwisho. Kitambaa kilichogusa kitanda hakikugusa meza. Maji ya klorini aliyaacha yakae yafanye kazi yake, wala hakuyakausha kwa pupa.

"Mama," Otema alimwita siku moja kwa sauti iliyokauka, "wewe huogopi?"

"Naogopa, afande. Ndiyo maana nasugua hivi."

Otema akacheka mpaka akakohoa.

Habari za Bushira na chumba kile zikafika Nateete, nyumbani kwa kaka yake, Abdunoor, ambaye binti yake Safinah alikuwa anajiandaa kuolewa. Katika ukoo wao wa Wanubi, hakuna bibi harusi aliyetoka bila hina ya Bushira. Lakini safari hii wifi yake, Zuleika, mama wa bibi harusi, alipiga simu.

"Wifi, usikasirike. Tumetafuta mtu mwingine wa hina. Ile mikono yako na kile chumba... banange, jamani, watu wanaogopa."

Maneno yalimchoma Bushira kama pilipili kwenye kidonda. Akasema, "Zuleika, sasa hivi hata ungeniita nisingekuja. Anayeingia kule anapimwa joto asubuhi na jioni mpaka muda wake wa kuangaliwa uishe, na mimi siwezi kumsogelea mtoto wenu kabla ya hapo. Hilo nalijua bila kuambiwa. Lakini mikono yangu usiitukane. Kampala nzima hakuna mikono inayonawa kama hii."

Akakata simu. Akaketi kwenye ngazi za nyuma ya wodi, akalia kidogo, akanawa uso, akarudi kazini.

Otema alipona. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe, wauguzi wakimpigia makofi, mkewe akicheka na kulia kwa pamoja. Alipofika mlangoni aligeuka akampigia Bushira saluti, naye akairudisha akiwa na ndoo mkononi.

Sasa chumba kilihitajiwa kwa mgonjwa mwingine, na kazi kubwa ilikuwa kukisafisha chote. Bushira na Masinde walishusha mapazia, wakafuta kuta, wakasugua vyuma vya kitanda mpaka kwenye magurudumu. Walipogeuza godoro, Bushira akaona mpasuko upande wa chini. Akalibonyeza kwa kidole. Sponji ilikuwa imelowa. Wakamwita Sista Lakica, mkuu wa wodi, naye akainama akatazama.

"Magodoro yenyewe tunayatafuta kwa tochi," Lakica alisema, mkono kiunoni.

"Dawa haifiki huko ndani, Sista."

"Naona. Lichomwe."

Likachomwa, na kitanda kikasuguliwa upya. Aliyelazwa humo baadaye alikuwa mama aliyetoka kupasuliwa. Mshono wake ulikauka vizuri, akaenda zake nyumbani bila kujua nani alilala pale kabla yake. Katika wodi nzima hakuna mwingine aliyeipata homa ile.

Muda wa Bushira wa kuangaliwa ukaisha salama. Kesho yake, akiwa anaanika nguo uani kwake Kasubi, bodaboda mbili zikasimama. Ya kwanza ilimshusha Safinah, kibakuli cha hina mkononi.

"Shangazi, yule mwingine nimemwambia asije. Nikichorwa na mtu mwingine nitajiona sijaolewa."

Ya pili ilimshusha Zuleika. Alisimama mbali kidogo, akivuta ncha ya mtandio wake.

"Wifi, nilisema vibaya. Woga ulinitangulia."

"Woga si dhambi," Bushira akajibu. "Hata mimi ninao. Karibuni ndani. Lakini kwanza, bomba lile pale, na sabuni ile pale."

Zuleika akaangua kicheko, akaenda kunawa mpaka viwikoni kama mtu anayejiandaa kuingia chumba cha upasuaji. Kisha akaja kukaa mkekani, akamshikia wifi yake kibakuli, na Bushira akauchukua mkono wa kulia wa Safinah na kuanza kuchora ua la kwanza.