Chura wa Chini ya Mtungi wa Bibi Skolastika

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, mama alinituma kwa Bibi Skolastika kurudisha ungo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita hivi. Hesabu ya miaka yangu sina hakika nayo. Bibi huyo alikuwa mjane, akiishi peke yake ukingoni mwa kitongoji, karibu na bonde la majimaji. Wiki ile alikuwa anapika pombe ya ulezi ili aite watu wamlimie. Ndivyo tulivyofanya hapa Ufipa: majani yakirefuka, unapika, watu wanakuja na majembe, wanafukia yale majani kwenye matuta ya mviringo yaozee humo, kisha mnakunywa pamoja. Bila watu, mjane analima matuta mangapi?

Sikumkuta. Nikaona kiu, nikasogeza mtungi wake niteke vizuri. Chini yake alikuwa amekaa chura mkubwa kama ngumi, amejaa vinundu, ananitazama. Nilikimbia hadi chemchemi bila kunywa.

Pale wanawake walikuwa wanateka. Leokadia, rafiki yangu, akanicheka.

"Weee Odilia, umefukuzwa na nini?"

"Chura. Yuko chini ya mtungi wa Bibi Skolastika."

"Chini ya mtungi? Anaishi naye?"

"Nadhani."

"Wako wangapi?"

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Nilimwona mmoja. Lakini wote walikuwa wamenyamaza wananisikiliza mimi, na haikuwa kawaida yangu kusikilizwa. Nikainamisha macho, nikanyamaza. Basi kimya changu kikahesabiwa na kila mtu alivyotaka. Neno uchawi sikulitamka. Ni haki niseme hivyo, na ni haki pia niseme kwamba halikuhitaji kutamkwa.

Siku ya kulima ilipofika, nilikuwa shambani kwetu ng'ambo ya bonde. Upande wa Bibi niliona jembe moja tu likipanda na kushuka. Jua likapanda, likawa jembe lile lile moja. Nani angekunywa pombe iliyopikwa kwa maji ya mtungi ule? Ilichacha, akaimwaga. Watu husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kwa ng'ombe sawa. Sisi binadamu tulizuiwa na chura aliyekaa kimya.

Siku ya tatu aibu ilinipeleka kwake. Nilimkuta amekaa juu ya tuta, viganja vimetoka malengelenge.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kumwona chura tena?"

Akanishika mkono, akanipeleka mpaka ndani ya nyumba, akainamisha mtungi. Akasema nichuchumae nitazame, safari hii bila kukimbia.

Haya ninayokuandikia nilianza kuyaona siku ile. Mengine niliongezewa na miaka, na mtu wa shule anisahihishe nikikosea, maana mimi niliishia darasa la nne. Chura hanywi kwa mdomo. Ngozi yake ndiyo inayonywa, hasa ya tumbo. Mtungi wa udongo hutoa jasho, chini yake pana unyevu, naye alifuata huo tu. Anakula mende, kumbikumbi na wadudu wa maharage, na akimeza hufumba macho, kwa sababu macho yenyewe husaidia kusukuma chakula. Akivua ngozi yake kuukuu, huila.

Kiswahili changu kinawaita wote chura, sina majina ya kuwatenganisha. Yule wa bondeni mara nyingi ana ngozi laini yenye utelezi na miguu mirefu ya kuruka mbali. Mayai yake hulundikana kama ute. Huyu wa nyumbani ngozi yake ni kavu, miguu mifupi, anarukaruka kidogo kidogo kama mtu asiye na haraka. Mayai yake hupangana majini kwenye uzi, kama shanga nyeusi. Sisemi wote wako hivyo. Lakini wengi wao huanza wakiwa viluwiluwi wenye mkia, wanaopumua majini kama samaki, mpaka miguu iote, ya nyuma kwanza, na mkia uishe. Anayeimba ni dume, anamwita jike. Kiangazi wengi hujifukia ardhini wakingoja mvua. Ukilima matuta utawafukua, warudishie udongo. Na vinundu vyake havikuambukizi chunjua.

"Ila hapa," Bibi alionyesha uvimbe nyuma ya macho, "pana sumu nyeupe kama maziwa. Mbwa akimng'ata hutoka povu. Ukimshika chura, nawa mikono." Akaurudisha mtungi mahali pake. "Jina la mtu ukilishika, Odilia, utanawa wapi?"

Nilirudi nyumbani. Nilimweleza mama yote. Akaniambia, "Kaseme pale pale ulikosemea." Nikaenda. Nikasema ni mmoja tu, na anafuata unyevu. Leokadia akacheka, "Haya, na wewe Bibi ameshakupata!" Kesho yake mimi na mama tulikwenda na majembe. Baadaye wakaja wengine wawili. Waliobaki hawakuja tena mpaka Bibi anazikwa, na siku ile ya maziko walikuja wote.

Sasa nimezeeka, na mimi ndiye niliye peke yangu hapa kijijini Mollo. Watoto wangu wako mbali, simu hupiga. Bomba lipo, lakini mtungi sikuuacha, na tangu mvua zianze una mgeni wake. Jirani yangu Mama Kulwa, mke wa mfugaji, alizoea kupita jioni kunywa maji na kunitania Kiswahili changu cha Kifipa. Siku moja alimwona.

"He, bibi! Huyu naye ni wa kwako?"

"Ni wa mtungi, mwanangu."

Alicheka, ila kikombe hakukimaliza. Ni Jumapili ya tatu hii sijamwona. Huenda ni chura. Huenda mtoto anaumwa, au wameteremsha ng'ombe bondeni. Nilichoona ni kikombe chenye maji nusu. Sababu yake sikuiona, na sitaijaza mwenyewe. Kesho nitakwenda kwake kupiga hodi, niulize kama ni wazima.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Ukiona kitu kinakutisha, chuchumaa ukitazame kabla hujakisema. Ukisema, sema ulichokiona na idadi yake. Ukiulizwa zaidi, jibu "sijui" kwa sauti, maana kimya nacho kina ulimi, na ulimi hauna mfupa. Ukikosea, rudi ulikosemea, hata wakikucheka.

Mungu akupe macho ya kutazama taratibu, akupe na majirani wa kumaliza kikombe kwako. Mvua ikunyeshee shambani, na mtungi wako usikauke.