Klachi ya Shangazi Haitaki Kushuka

Shangazi yangu anaitwa Chura, na kabla hujanisema, si mimi niliyeanza. Ana gari kuukuu la kulala humo humo: nyuma kuna kitanda, jiko la gesi, sinki la kuoshea sahani mbili, na cherehani ya mkono iliyofungwa mezani kwa boliti. Anashona mapazia. Anakufuata hadi kwako, anapima madirisha, anapaki mbele ya geti lako, anashona, anatundika, anasepa. Hiyo ndiyo nyumba yake, hiyo ndiyo kazi yake. Likimtoka hilo gari, kabaki na mkasi.

Sasa klachi ikaanza kuwa ngumu. Akikanyaga, mguu unatetemeka, unachomoka, gari linaruka. Asubuhi moja mbele ya shule liliruka mara tatu mfululizo, masufuria yanagombana huko nyuma, na mzazi mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Mpisheni chura avuke!"

Shangazi akatoa kichwa dirishani. "Chura ni mama mkwe wako!"

Kosa. Ukishajibu tu, jina limeshika. Jioni hiyo grupu la familia lilijaa picha za vyura, hadi kutoka kwa baba, ambaye siku zote hujifanya hajui kutuma picha.

Tukaenda gereji. Mimi sijui kuendesha hata toroli, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kushika mkoba wake na kusema "pole". Fundi akaingia chini ya gari, akatoka na waya wa klachi uliochakaa, nyuzi zimechomoza kama ndevu za mbuzi. Tukashangilia. Adui kapatikana! Akafunga mpya, akapaka grisi, akakanyaga mwenyewe.

"Laini, mama. Jaribu."

Shangazi akapanda, akakanyaga. Ikafika nusu, goti likacheza, ikarudi juu.

"Bado," akasema.

Fundi akarudia. Ikashuka mpaka mwisho.

"Wewe una mguu wa gereji, huwezi kuwa kipimo. Hebu wewe, mtoto wa kaka."

Nikapanda. Jamani, ilikuwa kama kukanyaga godoro. Nikateremka.

"Na wewe kila jioni uko mpirani! Niitieni mtu wa rika langu."

Akaitwa mama anayewauzia mafundi chai. Akapanda huku anacheka, akakanyaga, ikashuka. Akaacha kucheka.

"Dada, mbona hii..."

"Ni hizo raba zako," shangazi akamkatiza. "Soli nene. Lete."

Wakabadilishana viatu. Mama chai akabaki kwenye vumbi la oili na ndala za watu, chupa ya chai kwapani. Shangazi akafunga kamba za raba, akapanda, akashika paja kwa mikono miwili, akasukuma.

Nusu.

Mimi, bingwa wa kumtania, nikajifanya natafuta kitu ndani ya mkoba wake. Fundi akafuta mikono iliyokwisha kufutwa. "Mama, labda nilegeze springi," akasema, na sauti yake mwenyewe ilikuwa haimwamini.

Shangazi akamtazama weee. "Usilegeze kitu. Nirudishe kwa kaka yangu."

Fundi akaendesha. Shangazi akakaa kiti cha abiria cha gari lake mwenyewe, hajui mikono aiweke wapi.

Gari sasa liko uani kwetu. Anashona humo, lakini ni vipazia vya majirani tu. Wateja wa mbali wakipiga, anawaambia klachi inasumbua, na sisi tulio karibu tunaitikia, "Inasumbua kweli." Mama alithubutu kutaja daktari, akafukuzwa garini na bakuli lake la mboga. Mimi nataka kujifunza udereva nimzungushe kwa wateja wake, ila nikilitamka hilo nitakuwa nimemwambia kwamba mguu ndio umegoma. Leo kanituma nimuulizie fundi mwingine, "anayejua kazi." Nimesema sawa. Nimekaa hapa na simu, sijampigia mtu.

Wenzangu, nyie mliwezaje? Kama kwenu kuna mama, mjomba au bibi ambaye chombo chake ni kizima ila mwili umekataa, nielezeni hapo chini nani alimwambia, na kwa maneno gani. Vyura pia tumeni, tumeshazoea. Lakini hayo maneno nayahitaji kweli.