Vifuniko Vinne vya Mwalimu

Harufu ya mabibo yaliyooza hunitia kichefuchefu mpaka leo, na si kwa sababu ya nzi. Ulikuwa msimu wa korosho katika kijiji chetu kipya cha ujamaa, upande wa Pande, na mabibo yalichacha hadi mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Mbele ya ofisi hiyo Mwalimu wetu wa hesabu alitundika saa aliyoibuni mwenyewe: vifuniko vinne vya sufuria, upande mmoja chokaa, upande wa pili masizi. Kila kifuniko kilikuwa na thamani yake: moja, mbili, nne na nane. Ukijumlisha vyeupe, unapata saa. Kila saa ilipotimia, Mwalimu alitazama saa yake ya mkononi akavigeuza. Sisi watoto tuliielewa kwa siku moja, nami nikamfundisha mama kwa majigambo, nikimchorea vifuniko kwenye majivu ya jikoni.

Siku ya kuizindua rasmi saa hiyo ya vifuniko walikuja wageni kutoka wilayani. Wanawake waliokota korosho katika shamba la kijiji, na ruhusa ilikuwa saa saba. Mama alikuwa amemwacha mdogo wangu wa miezi minne kwa bibi, mwili wa mtoto unachemka kwa homa, hataki chochote ila ziwa. Mwalimu alipogeuza, vyeupe vikawa vitatu: moja, mbili na nne. Mama akaja kuaga, kanga imelowa maziwa kifuani. Mwenyekiti wa kijiji, midomo ikimeta mafuta ya pilau ya wageni, akavihesabu kwa kidole.

“Vitatu. Saa tatu hii, mama. Rudi kazini.”

“Mwenyekiti, jua liko utosini.”

“Jua halikuchaguliwa na kijiji.”

Wageni wakacheka. Mama akamgeukia yule aliyevigeuza. “Mwalimu, hebu nisaidie. Saa ngapi?”

Mwalimu akatazama viatu vyake. “Kama alivyosema Mwenyekiti.”

Ndipo mama akanitazama mimi, niliyesimama kwenye mstari wa wanafunzi tukingoja kuwaimbia wageni. Nilijua ni saa saba. Nikainamisha kichwa. Wageni waliondoka saa tisa, na mama alipofika kwa bibi alimkuta mtoto amekaukiwa sauti, midomo imepasuka. Alipona, alhamdulillahi, lakini si kwa hisani yetu.

Majuzi mwanangu aliniletea kutoka Dar saa ya mezani ya vitaa vinavyowaka na kuzimika kwa hesabu ileile. Niliisoma papo hapo, nikaifungia kabatini kwa kinyaa. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya chetu siku ile kilikuwa woga mtupu, na mikutanoni bado naona watu wazima wakitazama viatu vyao. Mama yu hai, namtunza mwenyewe. Hajawahi kunilaumu. Ila akiniuliza saa nikamjibu, hunishukuru, kisha hujikongoja hadi kwa jirani kuuliza tena.