Kobe Tuliyemfuta Namba

Juzi nilirudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kutoka huko mbali ninakoishi siku hizi, na kabla hata ya kunywa maji nikashuka ziwani. Ndugu yangu, usinicheke. Aliyekulia pale hawezi kukaa ndani anasikia mawimbi halafu asitoke. Nikakuta bamama wanaanika ndakala, wale dagaa wetu, harufu ile ile, nikasimama navuta pumzi tu. Kisha nikaanza kuangalia chini, kwenye majani ya ukingo. Mama mmoja akaniuliza nimepoteza nini. Nikamjibu natafuta kobe. Akashangaa: kobe gani tena, siku hizi?

Zamani zetu walikuwapo. Tulikuwa tumerudi kutoka ng'ambo, Tanzania, ambako familia yetu ilikaa kambini miaka mingi kwa sababu ya vita. Mimi nilizaliwa huko. Baraka niliijua kwa masimulizi ya tate, mama aliyemzaa mama yangu. Tate alikuwa na umbo dogo, lakini mdomo wake uliitosha parokia nzima. Kila asubuhi tulishuka wote ziwani na masufuria, tukiyasugua kwa mchanga na kipande cha wavu mkuukuu mpaka yang'ae. Kisha kuna mihogo ya kutoa majini, kuna sombe, majani ya mihogo, ya kutwanga, na jioni bukari, ugali wa mihogo, na ndakala waliokaangwa kwa mawese. Tangu hapo nimekula sombe mara nyingi, tena nzuri. Ile ya tate sijaipata.

Shuleni kulikuwa na mwalimu kijana wa biolojia aliyekuwa akiandika memwari yake, kile kitabu cha kumalizia chuo. Alichagua makobe wa ziwa. Watu walimcheka! Wenzake wanaandika mambo ya sheria, yeye analala kifudifudi kwenye matope akimpima kobe kwa futi ya fundi cherehani. Akimaliza kumpima anampaka namba mgongoni kwa rangi nyeupe, anamwacha aende. Alitaka kujua jambo moja: kobe jike aliyetaga ukingo huu, mwaka ukipita, anarudi hapa hapa au anakwenda popote? Ukingo wetu ulikuwa na mmoja tu, namba saba, na sura nzima ya memwari ilimngoja yeye. Sisi watoto wa ziwani alitufundisha la kufanya mpaka tukalijua kama katekisimu. Ukimkuta, usimwinue, usimgeuze, usimpe chakula. Simama mbali, soma namba, angalia anaelekea wapi, halafu uje kuniambia. Mimi niliapa mbele ya darasa.

Mvua ziliporudi, asubuhi moja tuko kwenye masufuria, kobe akatoka majini, mzito, akipanda kuelekea kwenye majani. Rangi ilikuwa imeanza kubanduka, lakini saba ilisomeka. Nilifurahi mno. Nikasimama mbali kama nilivyofundishwa. Lakini tate alikuwa ameshamfikia, ameinama, anaitazama ile namba.

Sasa unielewe. Kule kambini tate aliishi kwa namba. Namba ya karatasi, namba ya hema, namba ya kusimama kwenye mstari wa unga. Siku tulipotua Baraka, kabla hajasalimia mtu, aliichana karatasi yake vipande vipande pale pale bandarini.

"Na huyu walimuandikisha," akasema.

Nikamweleza yote, mwalimu na memwari yake, na kwamba haguswi. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia. Kisha akachukua kile kipande cha wavu.

"Amefika kwabo. Kwabo muntu hakae na namba. Leta muchanga."

Kwabo kwa tate ni kwao, nyumbani. Nikaleta. Ningemkatalia vipi tate? Tukamsugua polepole, kobe amevuta kichwa ndani, mpaka mgongo ukabaki mweusi mtupu. Tate akammwagia maji, akampa pole kwa safari, tukamwacha ashike njia yake. Siku ile tate alipika akicheka peke yake. Mimi sahani yangu niliisukuma kando.

Mwalimu aliniuliza kila asubuhi kama saba amekuja. Nikasema hapana. Kesho yake hapana, na kesho kutwa. Niliona kumwambia ukweli ni kumshitaki tate. Mvua zikaisha, akapeleka memwari yake, mwaka uliofuata akahamishiwa Kazimia. Mimi nikaolewa, nikaenda mbali. Tate akafa sipo.

Basi juzi, pale pale ziwani, nikamuuliza yule mama habari za mwalimu. Akaniambia alirudi siku nyingi, ndiye mkuu wa shule. Nikaenda moja kwa moja na viatu vyenye mchanga. Nikamkuta ana mvi, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kama mtoto aliyekosa.

"Niliandika kwamba saba hakurudi," akasema. "Nilimuhesabu na benye kufa."

Nikamuomba msamaha. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniuliza tu alitokea upande gani, alipanda umbali gani, kama niliona akichimba. Nikamjibu yote, naye akawa anatikisa kichwa, macho yamejaa maji. Kisha akaniambia kwamba mchanga wa ukingo ule watu waliuchota kujengea nyumba, na kobe pale hajamwona miaka mingi.

"Ule tate wako," akauliza, "alisema nini wakati ule wa kumusugua?"

"Alisema amefika kwabo."

Akairudia taratibu, mara mbili. Nami nikashindwa kujizuia, nikalia mbele yake bila haya. Mimi nimebakiza siku nne, halafu napanda boti, napanda ndege, narudi kule ambako kwenye kila dirisha la ofisi wananiuliza namba ya kadi kabla ya jina. Natamani tate angekuwapo. Ningekaa kwenye mchanga, nimpe mgongo, anisugue.