Kidole Pembeni mwa Ua la Boga

Kabla hujaanza kunicheka, jua kwamba haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Barking, ughaibuni, asubuhi ya siku ya kazi. Sikuhadithiwa. Na kwa kuwa sipendi kumdanganya mtu, naanza na yale yanayonipinga: nilikuwa nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, sikuwa nimelala, na shule yangu iliishia darasa la saba. Haya, pima mwenyewe.

Rafiki yangu Mama Furaha, mtu wa Bukavu, alikuwa amelazwa wiki ya tatu. Madaktari walitaka kumpasua, lakini walisema hawawezi mpaka apate nguvu, na nguvu utazipata wapi kama huli? Naye alikuwa amegoma. Uji anasukuma, supu anasukuma. Kisa ni kishamba chake. Ana kipande cha kukodi, vile viwanja vya mboga ambavyo huku kila mtu anaviita alotimenti, na amepanda maboga kwa ajili ya majani. Tulimwambia yanaendelea vizuri. Hakutuamini.

"Mugonjwa anadanganywaka," alisema. "Hata yakikauka yote mutaniambia yako muzuri. Munionyeshe ua la kike limefunguka, na kaboga kake nyuma. Nione na macho yangu. Hapo nitakula."

"Nitakuletea," nikasema.

"Utaleta wapi? Huku wodini habakubali maua. Na ua la boga, saa tano limeshafunga mulango."

Basi ikawa picha. Binti yake, Furaha, alikuwa hatoki pembeni mwa kitanda, kwa hiyo nikajitolea mimi, ambaye picha zangu zote za harusi zimekata watu vichwa.

Sikujua kwamba ua ni msumbufu hivyo. Niamini, mtoto mchanga hutulia kuliko ua. Siku ya kwanza nilisogeza simu karibu nusura iliguse. Ikatoka njano tupu, kama kiini cha yai kilichopasuka. Siku ya pili nilichelewa, jua limeshapanda, ua limeungua kwa mwanga na juu yake kimelala kivuli cha kichwa changu. Siku ya tatu upepo. Ua likienda kushoto mimi niko kulia, kama watu wanaopishana mlangoni na kila mmoja anampisha mwenzake. Jioni nikampelekea Mama Furaha ile iliyo afadhali. Akaitazama, akanirudishia simu.

"Hii ni ua ama ni shati?"

Akageukia ukutani. Siku hiyo hata chai hakunywa. Kwa haki, hakukosea. Hata mimi nisingelijua kuwa ni ua.

Siku ya nne nilitoka kazini nikapitiliza moja kwa moja, nikafika saa kumi na mbili kasoro, kumeshakucha. Nikafungua kufuli la geti, nikafunga nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Umande ulikuwa mzito hadi viatu vikalowa. Ua moja la kike lilikuwa limefunguka wima, na chini yake kiboga cha ukubwa wa yai la njiwa. Nikainama, nikanyoosha simu.

"Unanyooshea kidole boga ya watu?"

Nilikaribia kuangusha simu. Katikati ya maboga amesimama bibi mmoja, kitenge kiunoni, shali begani, uso wa mtu aliyekwishachoka na ujinga wangu. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Sikuona ajabu, kwani kwa usemi wake alikuwa Mkongo, na Wakongo wengi hawana mazoea nayo.

"Si kidole, bibi. Ni simu."

"Na simu ni nini? Si kidole kirefu?"

Hata kwetu nilifundishwa tangu utoto: boga changa halinyooshewi kidole, litaoza. Ukilazimika kumwonyesha mtu, unakunja kidole na kuonyesha kwa kifundo. Lakini nani angewaza kwamba simu nayo imo?

"Piga magoti," akasema. "Unaliangalia toka juu kama polisi."

Nikapiga magoti kwenye tope, na sare ya kazi.

"Viwiko weka ku mapaja. Sasa rudi nyuma."

"Lakini nataka liwe karibu."

"Kitu ukikiweka ku pua, unakiona? Rudi!"

Nikarudi, nikakuza kwa vidole, na kweli, ua likatulia kwenye kioo.

"Toa kivuli chako. Shusha pumzi yote, imalizike, ndio ubonyeze. Mbona unatetemeka? Umeiba?"

Niwe mkweli: alikuwa sahihi kila neno, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Upepo ukaja. Nailoni iliyofunika mboga za kiwanja cha jirani ikaanza kupigapiga kwenye miti yake. Bibi akainama, akakinga ua kwa mkono, likasimama kimya. Nikabonyeza.

Picha ilikuwa imekubali. Chavua ilionekana punje kwa punje, na vinyweleo vya kiboga, kimoja kimoja. Nikainua kichwa nimwonyeshe. Hakuna mtu. Getini hakuna, njiani hakuna. Nikatazama chini. Kwenye majani yenye umande palikuwa na njia moja tu, ya viatu vyangu, kutoka getini hadi nilipopiga magoti. Pale aliposimama yeye majani ya maboga yalikuwa yamejaa umande, halijaanguka hata tone. Wewe ungefanyaje? Mimi nilikimbia. Hata kufuli sikulifunga, na kwa hilo niliwaomba radhi watu wa pale.

Kwenye basi ndipo nikakiona: chini kulia, pembeni mwa picha, kidole. Kimekunjwa, kifundo kinaelekea ua.

Hospitali nikamhadithia Furaha yote, mwanzo hadi mwisho. Akaitazama picha.

"Auntie, that's your thumb," akasema, akacheka.

Gumba langu! Nikaweka mikono yote miwili mbele yake. Kidole kile kina makunyanzi na ukucha uliopasuka katikati. Nionyeshe changu kilicho hivyo! Akasema labda ni mwanga. Kila mtu husema ni gumba langu, maana ndilo kosa la kila anayeanza, kuacha kidole mbele ya kamera. Na kwa haki, kati ya picha za siku ya pili, mbili zilikuwa na kidole, na hicho kilikuwa changu, nakiri.

Mama Furaha akaichukua simu. Akalitazama ua, halafu akaanza kukuza. Nilidhani anatafuta kiboga. Kumbe anakwenda pembeni. Alikikuza kile kidole mpaka kikajaa kioo kizima, akakaa nacho. Furaha akaacha kucheka.

"Nani alikusaidia?"

"Bibi mmoja. Mkali."

"Alikupigia makelele?"

"Tangu mwanzo mpaka mwisho."

Akajifuta macho kwa shuka. "Muniletee uji."

Alimaliza bakuli, akaomba lingine. Wiki iliyofuata wakampasua, na sasa amerudi kunifokea kishambani. Kiboga hakikuoza. Nimeshamwuliza Mama Furaha yule bibi ni nani mpaka nimechoka. Jibu lake ni moja: "Chuma majani, jua linakuja." Jamani! Si mimi niliyepiga magoti kwenye tope?

Na hadi leo, kila ua ninalolipiga kwa karibu, hata mawaridi ya kule kazini, kidole kipo. Nimebadilisha simu, kipo. Watu wanazisifu picha zangu, kisha wanamalizia, "Ila ungetoa kidole." Sielezi tena.

Kwa hiyo wewe unayeanza kupiga picha za maua, nakuonya. Usiingie shamba la mgonjwa na simu mbele kama mkuki. Ukiambiwa rudi nyuma, rudi, usibishane. Na picha ikitoka nzuri kuliko uwezo wako unaoujua, usijisifu kabla hujatazama pembeni.