Alama Chini ya Kiti

Kahambu alikuwa mwanamke wa hasira, na pale mtaani Mapendo, mjini Goma, hakuna aliyethubutu kumwambia aipunguze. Tena hasira yake haikukaa bure. Aliamka nayo asubuhi, akaitoa uani, akaisugulia viti vya watu mpaka vikang'aa.

Vilikuwa viti vya nje: vya bustani, vya baraza, vya baa za ufukweni ambazo wenyewe walishafunga wakaenda zao. Kila vita vilipousogelea mji, wageni wa mashirika walibeba mabegi yao na kuwaachia walinzi nyumba na vilivyomo. Familia zilizokimbia kwa miguu nazo ziliacha vyao nyuma ya mlango uliofungwa kwa kamba. Haikupita wiki, vitu hivyo vilionekana barabarani juu ya chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili, vikisukumwa na watu wasiopenda maswali. Kahambu alivinunua vikiwa vimepauka kwa jua, vimepasuka kwa mvua, miguu inacheza.

Kuvifufua kulimgharimu jasho zaidi ya pesa. Msasa ulikuwa ghali, kwa hiyo alisugua kwa jiwe la volkano, lile jepesi lenye matundu, ambalo Goma hakuna mjinga wa kulinunua kwa kuwa mji mzima umekaa juu yake. Alianza na jiwe kubwa, akaja na dogo, akamalizia na kipande kimoja cha msasa ambacho kilipaswa kumfikisha mwisho wa juma. Nyufa alizijaza unga wa mbao uliokorogwa na kola, gundi ya maseremala. Miguu aliipaka oili chafu ya magari ili unyevu usiile. Rangi alizikusanya kwa wajenzi, kopo hili lina vijiko vitatu, lile lina vinne, akachanganya mpaka ikatoka rangi ambayo mtu mwenye baraza nzuri angeipenda.

Lakini kabla ya hayo yote, kabla hata hajamjibu muuzaji salamu, alikipindua kiti miguu juu.

Sababu ni hii. Huko Goma mtu akifariki, mtaa mzima hutoa viti. Watu hukaa kwenye kilio siku tatu, na vya nyumba moja havitoshi. Ili visipotee, kila nyumba huweka alama yake chini ya kiti: tone la rangi, herufi mbili, msalaba, kamba iliyofungwa fundo. Kilio kikiisha, vijana huvipindua, husoma alama, na kumrudishia kila mtu chake. Kwa hiyo kiti chenye alama kina mwenyewe, na mwenyewe ana majirani wanaoijua alama hiyo kama wanavyoijua sura yake.

Kiti cha namna hiyo hakiuziki. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya Kahambu ilikuwa kuifuta alama. Alisugua kwa jiwe, kwa mviringo, haraka haraka, kisha akapaka oili chafu juu yake, na pale palipokuwa na jina la nyumba ya watu pakabaki doa jeusi tu. Waliokuja kujifunza kwake aliwaambia hivyo hivyo: alama inatoka kwanza. Alisema bila haya, na usiku alilala vizuri.

Kati ya viti vyote vilivyopita uani pale, kulikuwa na sita ambavyo havikuwa vya kuuza. Vilitengenezwa na mume wake, Kasereka, fundi seremala aliyetoka naye Butembo. Maisha yake yote Kasereka alichonga milango ya watu wengine. Mwaka wake wa mwisho, kifua kilipomzuia kubeba mbao nzito, alikaa uani akatengeneza viti sita vya libuyu, mbao ngumu ya msituni, bila msumari hata mmoja, vigingi vya mbao vitupu. Na kwa kuwa alimjua mke wake, chini ya mkono wa kulia wa kila kiti alichonga kishimo cha kidole gumba. Kahambu akikasirika alikuwa na tabia ya kubana mkono wa kiti kama anakikaba koo. Kasereka alisema heri hicho kidole kipate pa kukaa. Chini ya viti aliweka matone matatu ya buluu, na miezi miwili baadaye watu wakavikalia kwenye kilio chake mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi pekee ya mikono ya Kasereka iliyobaki nyumbani. Milango iko kwa wenyewe.

Kisha vita vikaingia mjini. Mabomu yalianguka karibu na Mapendo, na Kahambu akamshika binti yake Rosine, wakavuka mpaka kwenda Gisenyi na godoro moja na sufuria. Walikaa huko siku kumi na mbili, kwenye sakafu ya kanisa. Waliporudi walikuta kufuli limekatwa. Magunia ya mawe yalikuwepo, makopo ya rangi yalikuwepo. Viti sita havikuwepo.

Na nani asingekasirika? Kahambu alikasirika mpaka sauti ikamkauka. Aliwakasirikia wenye bunduki walioingia na wenye bunduki waliotoka, aliwakasirikia wakubwa wanaohojiwa redioni wakiwa wamekaa kwenye makochi. Lakini hao wote walikuwa mbali, na hasira inataka mtu wa karibu. Mtu wa karibu alikuwa Useni.

Useni alikuwa dereva wa lori, jirani wa ukuta kwa ukuta. Yeye hakukimbia, kwa sababu mama yake mzee, Mwanaheri, hakuweza tena kutembea. Basi, kwa Kahambu, mtu aliyebaki ni mtu aliyeona, na mtu aliyeona akanyamaza amekula na wezi. Alimwambia hivyo mbele ya foleni yote ya maji, wanawake na madumu yao wakisikiliza. Useni aliinama, akainua madumu yake mawili, akaenda. Alishindwa hata kueleza kwamba siku zile alikuwa amelala chini ya kitanda na mama yake, wamejifunika godoro. Hilo Kahambu alikuja kulisikia kwa wengine, na hakuliamini.

Mwaka ukapita, hawasalimiani. Kisha mama Mwanaheri akafariki.

Hapo hakuna mjadala. Unaweza kugombana na mtu miaka kumi, lakini mama yake akifa unakwenda. Kahambu alijifunga kitenge chake kizuri, akatuma viti vinne vya kwake vitangulie, akaenda na uso uliofungwa. Turubai lilitandazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Akina mama wa Kiislamu walikuwa ndani kwenye mikeka, na wageni wengine walikaa uani kwenye viti vya kila aina. Mtu akamsogezea kiti cheupe, kizuri, cha aina ya baa za ziwani. Akakaa. Akamwona Useni akipita na birika la chai, na hasira ya mwaka mzima ikampanda, na mkono wake wa kulia ukabana mkono wa kiti.

Kidole gumba kikaingia kwenye kishimo.

Akakitoa kidole, akakirudisha. Kisha akafanya jambo ambalo halifanywi kwenye kilio cha mtu: alisimama katikati ya dua, akakipindua kiti miguu juu mbele ya watu wote. Chini hapakuwa na matone matatu ya buluu. Palikuwa na doa jeusi la oili, na ndani yake mikwaruzo ya jiwe, ya mviringo, ya haraka haraka. Aliijua mikwaruzo ile kama anavyoujua mwandiko wake.

Useni aliweka birika chini akamwendea. Kila mtu alitegemea ugomvi. Useni alisema polepole, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala siku mbili.

"Mama Rosine, hizi viti nilinunua zine kwa Fabiola wa Birere, mama yangu apate kukaa inje. Sikujua kama ni ya Papa Kasereka. Kilio ikiisha, ukuye uzichukue."

Hakuna kinachoudhi kama mtu uliyemtukana kukutendea wema mbele za watu. Kahambu alitamani amjibu vibaya. Alikirudisha kiti chini, akakikalia mpaka dua ikaisha, na aibu ilimuunguza masikio.

Kutoka pale hakwenda nyumbani. Alipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Birere kwa Fabiola, na njiani alipanga matusi yote atakayomtukana. Fabiola alijifunza kazi uani kwa Kahambu miezi miwili, zamani, kabla Kasereka hajavitengeneza viti vile. Alikuwa msichana wa mikono myepesi asiyesema sana. Kahambu alimkuta amepiga magoti, anasugua meza. Hakusalimia. Alimuuliza kama mwaka jana alipata viti sita vya libuyu visivyo na misumari.

Fabiola akasema ndiyo. Vililetwa na chukudu. Vinne alimuuzia dereva, viwili alivichukua mtu aliyekuwa anapita na gari, hamjui, hatamjua. Kahambu akamuuliza kama aliona alama.

"Niliiona, Mama. Matone matatu ya bleu," alisema Fabiola. "Niliwaza, hii ni ya nyumba ya watu. Kiisha nikakumbuka wewe uliniambiaka nini. Alama inatoka kwanza. Mutu anayenunua kiti hapendi kujua nani alikikaliaka."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mwanafunzi anayerudia somo kwa mwalimu wake, na bado ameshika jiwe mkononi. Kahambu alitaka kumkasirikia msichana yule, Mungu anajua alitaka, lakini kila hasira aliyoirusha ilimrudia yeye mwenyewe. Alirudi Mapendo kwa miguu. Njia nzima zilimjia kichwani alama alizozifuta, moja baada ya nyingine, na ajabu ni kwamba hakuwa amesahau hata moja. Herufi L na N za kijani. Fundo la kamba ya nailoni. Mwezi mdogo uliochongwa kwa kisu. Msalaba mwekundu chini ya viti vinne na meza. Zote alizisugua kwa mkono huu huu.

Alipofika alikuta viti saba vya biashara vinamngoja uani. Vitatu alikuwa ameshavifuta. Vinne bado. Alivibeba vile vinne kimoja kimoja, akavipanga mbele ya nyumba kando ya barabara, miguu juu, alama zikitazama anga. Rosine akamuuliza anafanya nini. Akamwambia aache maswali, alete maji ya kunawa.

Wapita njia walicheka. Viti miguu juu barabarani, mama wa watu amerukwa na akili. Wenye moto walipiga honi. Kahambu aliwatazama kwa jicho lile lile la siku zote, na siku ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili, na mvua ikavinyeshea. Kilio kilipoisha, Useni aliviweka vile vyeupe vinne mlangoni kwake bila kugonga. Kahambu aliviingiza uani, kisha akaenda kugonga yeye, akamwomba msamaha akiwa amesimama. Useni aliupokea, akamkaribisha chai.

Siku ya nne akasimama mwanamke mmoja mwenye mzigo wa kuni mgongoni. Alisema anaitwa Mukamugema, anatoka Kanyaruchinya, kwenye kambi ya waliokimbia vita, na zamani alikuwa na nyumba Kibumba. Alizunguka viti vile akiziangalia alama taratibu, akiinama mbele ya kila kimoja. Kahambu alimuuliza kama kuna chake.

"Hapana, Mama. Yangu ilikuwa na musalaba mwekundu," alisema. "Viti ine na meza."

Alikuwa ameshageuka kwenda. Kahambu angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa yeye na jiwe.

"Ngoja," alisema. "Ule musalaba, ni mimi niliufuta. Niliziuzaka kwa baa moja, chini kule Kituku. Ninajua ni gani."

Mukamugema alimtazama kwa hasira ambayo Kahambu aliitambua mara moja kwa kuwa ilikuwa yake, na safari hii ilikuwa imefika kwa mtu anayestahili. Kisha akautua mzigo wa kuni chini, karibu na mlango.

Mwenye baa angekataa, hilo Kahambu alilijua. Angesema alinunua, angeomba ushahidi, angeita watu. Basi na aite. Kahambu aliingia ndani, akapekua makopo yake mpaka akapata lile lenye rangi nyekundu, lililobaki kijiko kimoja tu, na brashi ndogo. Wakateremka pamoja kuelekea Kituku, Mukamugema mbele, Kahambu nyuma yake na kopo mkononi.